Kurasa za Migawanyo za Kitabu cha Mwanachama

(Maneno ya Kamati ya Kitabu, yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama na makarani wa matawi)



Tumeamriwa na Halmashauri tusimame mbele yenu leo tuwaeleze habari ya kitabu chetu, na hasa habari ya zile karatasi nene zenye masikio ambazo hugawa mafungu yake. Katika mkutano uliopita baadhi yenu mliuliza, na swali lenu lilikuwa la haki, kwa nini kamati ya watu wanne ikae wiki sita ikijadiliana juu ya karatasi 12 ambazo hata hazina maneno ndani yake. Mwingine alisema kwamba masikio hayo ni pambo tu, mfano wa ushanga katika mpini wa jembe. Hatukujibu siku ile, maana hatukuwa na jibu lililo tayari. Leo tunalo, na sehemu kubwa ya jibu hilo ni ungamo la kosa letu wenyewe.

Kwanza tuelewane kwa majina. Kitabu kikiwa kinene, na msomaji wake hakisomi tangu mwanzo hata mwisho bali hutafuta jambo moja tu, huwekwa kati ya fungu na fungu karatasi iliyo nene kuliko nyingine. Ubavuni mwa karatasi hiyo hubakizwa kipande kinachojitokeza nje ya kurasa zote, nacho huandikwa jina la fungu. Karatasi hiyo maofisini huitwa divaida. Kipande chake wengine, wakilitamka jina la Kizungu, hukiita tabu, na kwa hakika mwaka jana jina hilo lilitustahili sana. Sisi twakiita sikio, kwa kuwa ndipo mtu anaposhika akivuta.

Jambo hili si geni duniani. Katika Marekani, Melvil Dewey alianzisha mwaka 1876 kampuni iitwayo Library Bureau, iliyouza kadi na makabati ya maktaba, na mtu mmoja wa kampuni hiyo, James Newton Gunn, alipata mwaka 1897 hataza ya kadi yenye kipande kinachojitokeza, ili mwenye kutafuta asizipekue kadi moja moja. Kabla ya hapo karani alipekua. Twafikiri hakuna mtu katika ukumbi huu asiyejua kupekua ni nini, wala hakuna asiyewahi kusimama upande wa pili wa meza akimngojea apekuaye. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, na makarani ndio waliokuwa wengi ndani yake. Basi twasema na watu wa kazi hiyo, hatuna haja ya kuwafundisha faili ni kitu gani.

Kitabu chetu kina mafungu 12, nayo ni haya kwa utaratibu wake: Katiba, Uanachama, Michango, Mikutano, Matawi, Hesabu, Mikopo, Misiba, Maradhi, Uhamisho, Kustaafu na Fomu. Tafadhalini kumbukeni kwamba Mikopo ni fungu la 7 na Misiba ni la 8, maana hapo ndipo hadithi yetu ilipo.

Mtakumbuka kwamba toleo la kwanza halikuwa na masikio hata moja, ingawa tuliyalipia. Kitabu kilitiwa gundi mgongoni, kisha kikapelekwa katika mashine ya kukatia ili kingo zake tatu ziwe sawa. Mashine ya kukatia haina macho. Ilikata kurasa, na pamoja na kurasa ikayakata masikio yote, nayo yakaanguka katika pipa la takataka kama makucha. Tulipovipokea vitabu tuliona karatasi nene ndani yake, safi, zisizo na neno ukingoni, na mmoja wetu akasema labda ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Mpiga chapa hakuwa na hatia. Sisi tulimwambia atie gundi na akate, hatukumwambia kwamba ndani mna kitu kisichotakiwa kukatwa. Kitabu chenye masikio hakikatwi ubavuni baada ya kufungwa. Kurasa zake hukatwa kwanza mbali, na karatasi za migawanyo mbali, kisha vyote hukusanywa na kufungwa kwa pete au kwa waya.

Kwa hiyo toleo la pili tulilifunga kwa pete, tukalichapa wenyewe kwa mashine ya kutoa nakala. Karatasi za migawanyo tulizichapa kwanza, tukazipanga seti kwa seti, 1 hadi 12, tena 1 hadi 12, tukazitia katika trei ya pembeni. Mashine za siku hizi huweza kuamriwa kwamba kabla ya kila fungu ichukue karatasi moja kutoka trei hiyo na kuiweka mahali pake. Tulitaka nakala 300. Trei haikuweza kubeba nyingi, basi tukapanga nakala 20 kwa mara moja, yaani karatasi 240, mara 15. Kazi ilikwenda vizuri mno, hata tukaanza kuzungumza mambo mengine.

Katika zamu mojawapo, mashine ilipokuwa ikitoa nakala ya 3, karatasi moja ilikwama. Mmoja wetu alifungua mlango wa mashine, akaivuta, akaiona imekunjamana, akaitupa, akafunga mlango, akabonyeza, mashine ikaendelea. Jambo dogo hili hutokea kila siku katika kila ofisi. Walakini karatasi iliyotupwa ilikuwa mgawanyo wa fungu la 4. Mashine haijui kusoma. Iliambiwa ichukue karatasi moja, ikachukua iliyofuata, yaani ya 5, ikaiweka mbele ya fungu la 4. Kisha ya 6 mbele ya la 5, na ya 8 mbele ya la 7, hata ilipofika fungu la 12 ikachukua karatasi ya kwanza ya nakala iliyofuata. Tangu hapo kila nakala ya zamu ile ilikuwa imetangulia hatua moja, na nakala ya 20 ilipofika fungu lake la mwisho trei ilikuwa tupu na mashine ikasimama.

Hapo tulishtuka. Tukazitazama nakala, tukaona kuanzia ya 4 hadi ya 20 sikio la kwanza lasema Uanachama badala ya Katiba. Tukafungua pete za nakala zote 17, tukatoa karatasi ya mwisho tukairudisha mbele, na nyingine tukazisogeza. Nakala ya 20 ikapungukiwa karatasi ya Katiba, tukachapa nyingine. Hatukujiuliza ile iliyopungua imekwenda wapi. Ilikuwa mwishoni mwa nakala ya 3, ambayo tuliifungua mwanzoni, tukaona Katiba, Uanachama na Michango mahali pake, tukaitia katika bahasha.

Bahasha hiyo ilikwenda tawi la mbali. Tawi hatulitaji, maana karani wake hakufanya kosa lolote. Mwanachama mmoja wa tawi hilo alifariki. Baada ya arobaini mjane wake alifika kwa karani kuuliza kama chama kina lolote la kumsaidia. Karani alishika sikio lililoandikwa Misiba, akavuta, akasoma kurasa zilizokuwa chini yake kwa uangalifu wote. Kurasa zile zilikuwa za Mikopo. Akakuta kanuni isemayo kwamba deni la mwanachama aliyefariki litalipwa kutoka katika haki zake zilizomo chamani kabla ya jambo lingine. Marehemu alikuwa na deni dogo. Karani akamweleza mama yule kwa upole kwamba, kwa kadiri ya kitabu, hana analodai, bali kuna kiasi kinachodaiwa. Mama akaenda zake. Baada ya wiki tatu akarudi na fedha za karanga alizouza, akalipa nusu, akapewa stakabadhi. Mwezi uliofuata akalipa nusu ya pili.

Mtunza Hazina wetu ndiye aliyeona stakabadhi mbili zenye jina la mwanamke asiye mwanachama, akaandika barua kuuliza. Kumbe fungu la Misiba lasema wazi kwamba aliyefiwa hulipwa mkono wa pole wote bila kukatwa deni, mradi adai katika siku 60, na siku 60 zilikuwa zimekwisha pita. Halmashauri ilitengua kanuni ya siku, akalipwa, na fedha zake za karanga zikarudishwa. Wawili wetu walizipeleka kwa mikono yao na kumwomba radhi. Walimweleza habari ya mashine, ya trei na ya karatasi iliyokwama. Mama alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Wanangu, basi kitabu ndicho kilichokosea, au ni ninyi?"

Tangu siku ile hatukuona tena kwamba wiki sita ni nyingi.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Twaomba radhi kwa wale wasiopenda vipimo, lakini makarani wa matawi watakaochapa nyongeza zao wenyewe wanavihitaji.

Jambo tulilojifunza kwanza ni kwamba karatasi za migawanyo hazitengenezwi mwisho. Tulizifikiria mwisho mara zote mbili, kurasa zilipokwisha kupangwa, kama mtu anayejenga nyumba halafu akatafuta mahali pa kutobolea milango. Idadi ya mafungu ndiyo huamua idadi ya masikio, na idadi ya masikio huamua upana wa kila moja, na upana huamua maneno mangapi yataandikika. Ukisha kujua hayo ndipo upange kurasa.

Karatasi yetu ni ya kawaida, A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Sikio hujitokeza milimita 12 au 13, basi karatasi ya mgawanyo huwa na upana wa milimita 223 hivi. Kwa hiyo jalada nalo lazima liwe pana kuliko hizo 223, jambo ambalo mtu husahau kwa urahisi. Jalada likiwa sawa na kurasa, masikio hubaki nje bila ulinzi, na baada ya safari mbili katika mkoba wa karani hujikunja na kuchanika. Zinazouzwa madukani aghalabu hukatwa masikio matano kwa seti, kisha hurudi juu na kuanza tena. Sisi tuna mafungu 12, na matano matano yangetupa seti mbili kamili na masikio mawili ya upweke. Tumechagua masikio 6 kwa safu, safu mbili. Tukiacha milimita 12 juu na 12 chini zimebaki 273, tukizigawa kwa 6 kila sikio limepata milimita 45 na nusu. Hapo zaenea herufi 15 hivi bila kubanana. Safu ya kwanza ni ya karatasi nyeupe, ya pili ya rangi ya manjano, ili mtu akiona masikio mawili yamepangana mahali pamoja asichanganye la 2 na la 8.

Karatasi yenyewe iwe nene. Kurasa zetu ni za gramu 80 kwa mita mraba, na migawanyo tumechukua ya gramu 200. Chini ya 160 sikio hulegea. Tena nyuzi za karatasi ziende juu kwa chini, sambamba na mgongo wa kitabu, ama sivyo kitabu hakilali wazi. Namna ya kujua ni rahisi: kunja kipande pande zote mbili, upande unaokunjika bila kukwaruza ndio uendao na nyuzi. Matundu mawili ya kawaida huwa milimita 80 kutoka kitovu hata kitovu, na milimita 12 kutoka ukingoni. Masikio tumeyapaka plastiki nyembamba kwa mbele na nyuma, maana hushikwa na vidole vyenye jasho na wino.

Maneno ya kuandika juu ya sikio yalitugombanisha kuliko vipimo vyote. Mzee mmoja wa kamati alipenda tupange mafungu kwa alfabeti, kama kamusi yenye vidato ubavuni. Tulijaribu. Michango, Mikopo, Mikutano, Misiba, Matawi, Maradhi: mafungu 6 kati ya 12 yaliangukia herufi M. Kiswahili si lugha ya kupangiwa masikio kwa herufi ya kwanza, kwa kuwa herufi ya kwanza ya jina ni mavazi yake tu, nayo yanafanana na ya jirani. Waliotunga kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, chini ya Frederick Johnson, waliyaweka maneno mengi chini ya kitenzi kilichoyazaa, na kila aliyeitumia anajua kwamba ni lazima kwanza ulivue neno ndipo ulione. Karani aliye na watu 10 mlangoni hana nafasi ya kuvua maneno.

Kijana wetu akasema, basi tuandike shughuli badala ya majina: Kukopa, Kufiwa, Kuugua, Kuhamishwa, Kustaafu. Tukaziandika zote, tukazitazama kwa mbali, tukaona Ku, Ku, Ku, Ku, kama njiwa juu ya paa. Tulicheka sana siku hiyo, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu habari ya mjane.

Mwisho tuliamua hivi. Kila sikio litaanza na tarakimu yake, kubwa, ya kukoza, kisha jina. Tarakimu haina mavazi. Katika fomu, katika barua, katika yaliyomo na katika simu tutasema "fungu la 8," na mtu atashika 8. Tena jina lililo juu ya sikio ni lazima liwe lile lile, herufi kwa herufi, lililo katika orodha ya yaliyomo na lililo juu ya ukurasa wa kwanza wa fungu. Katika toleo la pili sikio lilisema Maradhi, yaliyomo yakasema Matibabu, na ukurasa ukasema Ugonjwa na Hospitali. Kila mmoja wetu aliandika sehemu yake, na kila mmoja aliona neno lake ndilo tamu. Sikio huandikwa pande mbili, mbele na nyuma, kwa kuwa wapo wanaofungua kitabu kwa nyuma, na hao si wachache.

Sasa habari ya mashine. Ukichapa maneno juu ya karatasi ambazo masikio yake yamekwisha kukatwa, kumbuka kwamba kwa kompyuta sikio liko nje ya ukurasa. Ni lazima uiambie kwamba karatasi ina upana wa milimita 223, ama usogeze maandishi kwa hizo 13 kuelekea ukingoni, la sivyo nusu ya neno itabaki tumboni mwa karatasi. Usijaribu juu ya karatasi nene, ni ghali. Chapa kwanza juu ya karatasi nyepesi, iweke juu ya ile iliyokatwa, ziinue zote mbili dirishani penye mwanga, utaona kama neno limekaa katikati ya sikio. Pili, mashine hazichukui karatasi kwa namna moja. Nyingine zataka seti ipangwe 1 hadi 6, nyingine 6 hadi 1. Jaribu kwa seti moja uione, usimwamini mtu aliyeitumia mashine ya ofisi nyingine. Tatu, na hapa ndipo tawi moja lilipotuletea nyongeza yenye vichekesho: kama seti yako ina masikio 6 nawe una mafungu 4 tu, yale mawili yaliyobaki uyatoe katika trei kwa kila nakala. Usipoyatoa, nakala ya pili itaanzia sikio la 5.

Na karatasi ikikwama? Twasema kwa sauti, na twaomba mwandishi wa mkutano aandike: simamisha kazi. Usibonyeze. Itazame karatasi iliyokwama ni ya ngapi, chapa nyingine ya namna hiyo hiyo, itoe nakala nzima iliyokuwa ikitengenezwa, uianze upya kuanzia karatasi ya 1. Hasara ni nakala moja.

Hata hivyo hatukutaka kutegemea uangalifu wa mtu peke yake, maana sisi nasi tulikuwa waangalifu. Tumeweka alama tatu. Ya kwanza ni masikio yenyewe. Kitabu kikishikwa kwa mgongo na kutazamwa ubavuni, masikio hushuka kama ngazi, 6 na tena 6. Ngazi yenye pengo huonekana kwa mbali. Nakala ile ya mjane ilikuwa na pengo mahali pa 4, lililoonekana hata kwa nje, na katika sisi wanne hakuna aliyeitazama kwa ubavu. Alama ya pili ni maneno madogo chini ya kila karatasi ya mgawanyo: "Hapa linafuata fungu la 8." Alama ya tatu ni kichwa cha kila ukurasa. Zamani kurasa zetu zilikuwa na tarakimu tu, 61, 62, 63. Sasa kila ukurasa una tarakimu na jina la fungu juu yake, "7 Mikopo," hata sikio likidanganya, ukurasa wenyewe umkanushe. Karani wa tawi lile angaliona "7 Mikopo" chini ya sikio la 8, angalishtuka na kufungua ukurasa wa pili.

Tumebadili pia hesabu ya kurasa. Kitabu cha pete kina faida hii, kwamba kanuni ikibadilika twatoa ukurasa mmoja na kutia mwingine. Lakini kama kurasa zimehesabiwa mfululizo, ukiongeza kurasa mbili katika Michango zile za baadaye zote huharibika, na watu huanza kuandika 34a na 34b kwa kalamu. Basi kila fungu lina hesabu yake: 7 kwa 1, 7 kwa 2, na kuendelea. Karatasi za migawanyo hazihesabiwi, wala hazina kanuni juu yake. Mmoja wenu aliomba tuandike nyuma yake matangazo ya chama ili tusipoteze nafasi. Tumekataa. Karatasi ya mgawanyo ikibeba habari, siku moja mtu ataiondoa ili aitunze habari hiyo.

Kwa matawi yasiyo na uwezo wa karatasi nene, na twajua yako mengi, ipo njia nyingine isiyo na masikio kabisa. Katika kila ukurasa wa fungu chapa kipande cheusi ukingoni, kwa fungu la 1 kiwe juu, la 2 chini kidogo, na kuendelea. Chapa kipite ukingo wa mwisho kwa milimita 3, ili mashine ikikata, weusi ubaki katika ubavu. Kitabu kikifungwa utaona mistari mieusi 12 ubavuni, na ukiiona pamoja na orodha iliyochapwa ndani ya jalada utajua pa kufungulia. Njia hii yafaa hata kwa kitabu cha gundi, tena mashine ya kukatia haiidhuru. Sikio haliwi nalo, lakini kurasa zenyewe hujitaja, na hakuna kipande cha kukwama katika trei.

Bwana Mwenyekiti, toleo la tatu liko tayari juu ya meza ile karibu na dirisha, nakala moja tu ya majaribio. Tunaomba kila karani wa tawi, kabla ya kuondoka leo, aipitie. Asiisome. Tumeandika juu ya vipande vya karatasi maswali 20 ya namna ambayo watu huuliza mlangoni, nayo yamo katika kofia: mke wangu amelazwa, nimehamishwa Lindi, mume wangu amefariki. Vuta moja, litafute, na rafiki yako ahesabu sekunde. Kama hukulipata kwa kushika sikio la kwanza ulilolifikiria, tuandikie ulishika lipi na kwa nini. Tunalitaka kosa lako kabla ya kuchapa, si baada yake.

Nasi twahitaji watu 8 wa kukusanya nakala siku ya Jumamosi, saa 3 asubuhi, ofisini kwa Katibu. Trei ya pembeni haitatumika. Karatasi 12 zitatiwa kwa mikono, na kila nakala itatazamwa kwa ubavu na mtu ambaye hakuikusanya. Nakala ya kwanza itakayokamilika imekwisha andikwa anwani, nayo itapelekwa tawi lile kwa mkono.